Maji Safi Kupita Kiasi

Mama Kimberly aliacha kunywa chai nyumbani kwake siku iliponuka lami. Kisima chake kilipakana na kiwanda kimoja cha nguzo za stima, nje kidogo ya Gilgil. Kwa miaka mingi nguzo zilitolewa kwenye mafuta meusi ya kuzuia mchwa zikaachwa zichuruzike juu ya udongo mtupu. Alipokwenda kulalamika, Bwana Wanyonyi, meneja, alimshauri abadilishe majani chai.

Majirani wakapiga kelele mpaka serikali ikaamuru uchunguzi. Jemutai, mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi kutoka Nakuru, akachimba visima vyembamba vya kupimia ndani ya ua wa kiwanda. Sumu ya mafuta ilikuwa imeshuka hadi kwenye maji. Wanyonyi akaahidi kusafisha.

Na alisafisha kweli! Alipaka lango rangi ya kijani. Alipanda maua ndani ya matairi. Palipokuwa peusi akamwaga changarawe nyeupe, kisha akaleta hema, vipaza sauti na fulana za bure, akatangaza kazi imekwisha. Watu wazima wenye akili timamu wakampigia makofi, fulana zikiwa bado na mikunjo ya dukani.

"Sasa pima, daktari," alimwambia Jemutai.

Jemutai akapima. Majibu ya maabara yalionyesha sumu imetoweka. Lakini floraidi nayo ilikuwa imetoweka, na hilo halikuwezekana. Maji ya visima vya upande huu yote yana floraidi. Ndiyo inayowapa watu meno ya kahawia tangu utotoni. Kisima kisicho nayo hakijasafishwa, kimemwagiwa maji ya kwingine.

Alimkuta Wanyonyi ofisini, akila mandazi.

"Nani amemwaga maji kwenye visima vyangu?"

"Ati nini? Madam, hayo ni maji ya Mungu."

"Ya Mungu, ya hapa, yana floraidi. Haya ni ya mvua, umeyakinga kwenye mabati."

Wanyonyi akacheka, meno yake yote ya kahawia yakaonekana. "Kwa hivyo unalalamika maji yangu ni safi sana?"

"Nalalamika hata kudanganya hujui."

Kesho yake Jemutai alirudi na pampu, afisa wa mazingira na Mama Kimberly. Akaanza kuvuta ili maji yaliyomwagwa yaishe. Maji yalitoka maangavu, na Wanyonyi, mikono kiunoni, akaanza kumweleza afisa juu ya maua yake. Alikuwa bado kwenye maua wakati ndoo ilipoanza kunuka. Utando wa mafuta ukaelea juu ya maji. Afisa akarudi nyuma, akaziba pua kwa tai.

"Niliambiwa ni majani chai," Mama Kimberly alisema. Wanyonyi akatazama simu yake, ingawa haikuwa imelia.

Changarawe ikazolewa pamoja na udongo mweusi uliokuwa chini yake. Maua nayo yakaondoka. Kiwanda kikaamriwa kuweka mtambo wa kuvuta maji na kuyachuja, na kumpelekea Mama Kimberly maji ya lori. Wanyonyi alihamishiwa tawi jingine, ambako bila shaka kuna lango linalohitaji rangi.

Mtambo ulipowashwa, Mama Kimberly alikuja kuutazama.

"Utamaliza lini?"

"Miaka kumi," Jemutai alisema. "Pengine zaidi."

"Kimberly atakuwa ameolewa."

Mama Kimberly akasikiliza ngurumo ya pampu kidogo, kisha akaenda kuteka maji ya kupikia kwenye lori.