Doa Jekundu Mgongoni

Gamba lilikuwa tupu, jepesi kama ganda la yai, na mgongoni lilikuwa na doa la rangi nyekundu. Mpimaji wa kaa alilijua doa hilo, kwa kuwa alilipaka kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki tano nyuma, yeye na kaka yake, mvuvi wa kaa mwenye mashua moja na maneno mengi, waliwapaka kaa mia mbili rangi na kuwarudisha majini. Hesabu ilikuwa hivi: watakaponaswa tena, wenye rangi wakiwa wachache, basi ghuba imejaa wengine. Na jana, mitego ya upande wa ufukweni ilitoa kaa hamsini, wanne tu ndio wenye rangi. Ripoti ilikwisha andikwa kwamba uvuvi uendelee. Kaka alishawapigia simu wavuvi wenzake wote, meno yote nje.

"Yametupwa na maji pale kwenye matope," kaka alisema sasa, akimwaga magamba mengine kumi na moja kutoka ndooni. "Kaa wako wanavua nguo ovyo, mdogo wangu. Hawana haya."

Mpimaji hakucheka. Kaa akikua hujivua gamba, na rangi huenda na gamba; hilo alifundishwa mwaka wa kwanza chuoni. Zipo alama za kupachikwa mwilini, zisizotoka. Alichagua rangi kwa sababu ilikuwa ya haraka.

"Kaka, hawapo."

"Nani?"

"Hao kaa wengine. Niliodhani ni wageni ni walewale, wamebadili gamba tu. Waliobaki ni wachache mno. Ghuba ifungwe."

Kaka aliweka ndoo chini. "Muda gani?"

"Miaka mitatu. Labda zaidi."

"Na ripoti umeshaituma?"

"Bado."

Mpimaji aliona aibu kwa alichokuwa akikitamani: kwamba kaka amwombe afunge mdomo. Angemkubalia. Angetupa magamba yale jalalani, akaituma ripoti, na lawama wangegawana nusu kwa nusu.

"Mitego ya upande wa pili bado iko majini," kaka alisema, na kuelekea kwenye mashua; dada yake akamfuata na daftari.

Huko ndiko, kwa hesabu ya mpimaji, kaa walikojaa. Mtego wa kwanza ulipanda ukivuja maji. Kaka aliuinua juu ili dada yake auone mwenyewe.

"Hamna."

Kalamu ilimganda mkononi.

"Andika, mdogo wangu."

Akaandika. Hamna. Akaandika tena. Hamna. Sauti ya kaka haikupanda wala kushuka, na mzaha wote ulikuwa umemtoka.

Mtego wa ishirini, wa mwisho, ulikuwa na jike mmoja, gamba lake bado halijakaza sawasawa. Kaka alimtoa kwa viganja viwili, akamrudisha majini taratibu, kisha akabaki ameinama vilevile, mikono imezama hadi viwikoni.

"Mmoja," alisema.

Mpimaji akaandika.