Doa Lililokaa Siku Nne

"Shoga, mumeo na jua wamekosana nini?" jirani yangu aliniuliza siku moja tukianika nguo. "Kila asubuhi analivizia."

Nikamwambia hawajakosana, jua ndilo mke mwenzangu, na afadhali huyu haji kuomba chumvi.

Mume wangu alikuwa fundi saa. Ikifika saa tatu asubuhi aliacha saa za watu mezani, akaelekeza darubini dirishani, jua likaangukia kwenye karatasi nyeupe, duara la ukubwa wa sahani. Akachora kwa penseli madoa yaliyoonekana. Miaka ishirini na saba. Alinieleza kwamba zamani watu waliapa jua halina doa. Aliyeliona aliambiwa kioo chake kichafu, au ni sayari inapita mbele. Mpaka wakatokea wa kuchora kila siku, wakaona madoa yanasogea pamoja upande mmoja, wakajua jua lenyewe linazunguka. Mimi nilimsikiliza kama unavyosikiliza redio ya jirani.

Alipofariki, binti yetu aliwaandikia watafiti wa anga. Wakajibu tupeleke madaftari. Yakifaa watayahifadhi kwa jina la baba yake. Binti alilia kwa furaha. Nami nilimshukuru Mungu, nikayafunga kwenye shuka safi.

Ofisini kwao mtafiti, mama wa makamo, aliyafungua taratibu huku akisifu. Kwenye daftari la mwisho akaweka kidole juu ya doa moja.

"Mama, doa hili limekaa pale pale siku nne."

"Ndiyo, mwanangu."

"Haliwezi. Lazima lisogee."

Ningeweza kukaa kimya, lakini Mungu hadanganywi. Nikasema kwamba mume wangu alipokuwa mgonjwa kitandani mimi ndiye niliyechora. Siku za mawingu niliona vibaya kumpelekea karatasi tupu, nikanakili ya jana. Macho yake yalishaingia ukungu. Aliipapasa, akatabasamu, akatia sahihi.

"Ni daftari hili tu, si ndiyo?" binti akadakia.

"Na siku alizoshikwa na homa. Na akisafiri. Nyingine nilikisia tu madoa."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu wewe hujazaliwa."

Mtafiti akasukuma madaftari upande wangu. "Tuonyeshe zako, tuzitoe."

Nilipekua, nikapekua. Mkono wangu niliufundisha ufanane na wake, na kwa miaka mingi nilijisifu moyoni. Sikuona tofauti.

"Siku isiyochorwa haina ubaya," mtafiti alisema kwa upole. "Tunaandika mawingu, basi. Lakini tusipojua ipi ni ya kweli, hatuwezi kuamini hata moja. Poleni sana."

"Hata zile za baba mwenyewe?"

"Tutazijuaje, dada?"

Binti akanigeukia. "Si ungeiacha tupu, mama? Karatasi tupu tu."

"Nilitaka asipitwe na siku, mwanangu."

Akaliangalia jina la baba yake kwenye jalada. Akachukua mkoba wake, akatoka.