Kisiwa Kilipotia Nanga Matrah

Asubuhi ya Alkhamisi Nasriya alikuwa uani akipara changu, na Bakhita akimmiminia maji kidogo kidogo kwa kata, kisiwa kilipoingia bandarini. Kilipita taratibu chini ya ngome, kikazunguka mara moja kutafuta mahali pa kukaa, kisha kikatia nanga. Nasriya alisikia mlio wa minyororo, akasimama na kisu chake mkononi, akachungulia kwenye upenyo wa ukuta.

"Kisiwa," akasema.

"Cha wapi?" Bakhita akauliza.

"Sijui. Kina kanisa."

"Basi cha mbali hicho," akasema Bakhita, akaendelea kumimina.

Ulikuwa mwezi wa Machi, mwaka 1966. Karani wa forodha alikwenda kwa mashua kuuliza kisiwa kimebeba nini. Akaambiwa kimebeba malimau, zabibu, mafuta ya zeituni, kondoo, na watu wake wenyewe, na kwamba kimetoka Bahari ya Mediterania, ambayo wazee wa Matrah waliiita Bahari ya Rumi. Kilichoshwa na baridi ya huko, kikataka kupumzika mpaka joto lianze. Kikaruhusiwa, kwa sharti kwamba kengele isigongwe wakati wa sala na mtu asivute sigara hadharani. Wakakisogeza pembeni kidogo ili meli ya barua kutoka Bombay ipate njia, na watu wakarudi kwenye shughuli zao.

Nasriya na mumewe Mahfoudh walikuwa na mwaka na ushei hapo Matrah, Omani. Walikuja kutoka Unguja baada ya mapinduzi, na sanduku moja, na cherehani iliyopotea gurudumu njiani. Bi Sayyida, shangazi yake Mahfoudh, aliwapokea nyumbani kwake. Aliwapa chumba cha darini, akawapa wali, akawapa na subira yake, na hiyo subira alihakikisha wanaiona. Mumewe, Mzee Marhoon, alikuwa mfanyabiashara mwenye kujuana na watu, na aliahidi kumsemea Mahfoudh apate kazi ya ukalimani kwa watu wa mafuta. Mahfoudh alikuwa akingoja. Kila siku alivaa kanzu safi, akangoja.

Na Bakhita alikuwa wa nyumba. Hivyo ndivyo ilivyosemwa, Bakhita ni wa nyumba, kama vile mtu anavyosema mlango ni wa mninga. Mama yake alinunuliwa na baba wa Mzee Marhoon, na yeye Bakhita akazaliwa katika chumba cha makaa, hapo hapo. Nasriya alisoma skuli kwamba mambo hayo yalikwisha enzi za babu zake. Siku ya kwanza alipoelewa, alipanda darini akalia kwa hasira mbele ya mumewe.

"Sisi wageni hapa," Mahfoudh alimwambia. "Tunyamaze kwanza."

Wakanyamaza kwanza. Kesho yake Bakhita akapandisha maji ngazini, na keshokutwa yake, na siku moja Nasriya akajisikia mwenyewe akiita kutoka juu, "Bakhita, maji!" Hakumbuki ilikuwa siku gani. Angelikumbuka, pengine angeliona haya siku hiyo hiyo yakaisha. Badala yake aliona haya kidogo kidogo, kila siku, bila ya kufanya lolote.

Kilichowakutanisha ni Kiswahili. Bakhita alikuwa na Kiswahili cha mama yake, cha Mrima, chenye maneno ambayo Nasriya aliyasikia mwisho kwa bibi yake. Jikoni walikuwa wakicheka mpaka moshi ukawaliza. Jikoni Nasriya alimwita shoga. Ukumbini alimwita Bakhita.

Ijumaa ya kwanza, baada ya sala, nyumba zenye uwezo zilikwenda kutembelea kisiwa. Sleyum, mwenye mashua, aliwavusha kwa makasia. Bakhita alibaki kulinda nyumba.

Nasriya alipokanyaga tu ile gati ya mawe ya manjano, roho yake ilimtulia kwa mara ya kwanza tangu Unguja. Vilikuwapo vichochoro vyembamba vya kupishana mabega, na nyumba ndefu za mawe zenye roshani za mbao zilizochungulia chini, na nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya watu. Juu kabisa palikuwa na ngome ya mashujaa wa zamani, na nje yake mawe makubwa ya hekalu, ya zamani zaidi kuliko ngome, mbuzi wakiyapanda. Harufu ya maua ya milimau ilitanda kila mahali. Watu wa kisiwani walisema lugha iliyokuwa kama Kiarabu kinachosikika kutoka chumba cha pili. Mkate waliuita hobz, na Bi Sayyida akasema afadhali, huo angalau unaeleweka.

Walikaa mbele ya tanuri la mkate. Mama mmoja mnene mwenye unga hadi kwenye nyusi aliwaletea mkate wa moto uliosuguliwa tungule na kumiminiwa mafuta ya zeituni, jibini laini ya kondoo, tini, na pweza aliyepikwa akalainika. Akaleta na sungura. Mzee Marhoon akauliza kachinjwa na nani, jibu halikumridhisha, sungura akarudishwa. Pweza walimmaliza.

Kwao Nasriya, mtu akienda kwenye chakula kizuri humfungia aliyebaki nyumbani. Basi akafunga kwenye kitambaa mkate, jibini na tini, kwa ajili ya Bakhita. Walipofika katikati ya maji kitambaa kikaanza kuvuja. Nyumbani Bakhita alipokifungua, ndani hamkuwa na kitu ila maji ya bahari, yenye joto kidogo.

"Vitu vya kule havivuki," Nasriya akasema.

"Ahsante," akasema Bakhita. Akayamwaga, akakifua kitambaa, akakianika.

Nyumba ya Harub, majirani zao, siku ile walimchukua Bakhit, mwanamume wa nyumba yao kama Bakhita alivyokuwa wa nyumba, kubeba mkeka na deli la kahawa. Bakhit alilala kisiwani. Asubuhi walipomfuata walimkuta amekaa mbele ya tanuri, kavaa kofia ya majani. Hakukimbia wala hakubisha. Walimtia kwenye mashua, naye akaingia. Lakini mashua haikwenda. Sleyum alivuta makasia mpaka viganja vikamtoka malengelenge, na mashua ikabaki pale pale. Wakamtoa Bakhit, ikaondoka. Wakamtia tena, ikasimama. Harub alipomuuliza ana maana gani, Bakhit alimvutia kiti, akamwambia, "Karibu, bwana, ukae, umechoka." Ikafahamika kwamba mtu akilala kisiwani usiku mmoja huwa wa kisiwa, na hakuna mashua inayoweza kumrudisha.

Baada ya hapo nyumba zote zilikubaliana, bila ya kikao, kwamba watu wa nyumba, kama Bakhit na Bakhita, wasipelekwe kisiwani. Wabebaji wakawa wa kukodi.

Nasriya alikwenda kila Ijumaa, na kila Ijumaa alimfungia Bakhita chakula. Alijua kitakuwa maji. Alikifunga vizuri hata hivyo, akachagua tini zilizoiva, kwa sababu kule kufunga kulimpunguzia uzito moyoni mpaka nusu ya njia. Bakhita naye alipokea kila mara kwa mikono miwili, akasema ahsante, akayamwaga.

Mwisho wa Aprili, joto lilipoanza kuuma, milimau ya kisiwani iligeuka ikaelekea upande wa bahari kilikotoka kisiwa. Mama wa tanuri akasema watatoka Jumamosi alfajiri. Siku ya Jumanne Bakhita alimkuta Nasriya darini akianika nguo.

"Bi Nasriya, nna neno."

"Sema, shoga."

"Nichukue Ijumaa. Huna haja ya kusema maneno mengi. Sema tu, huyu nnamtaka mimi. Sleyum hatouliza, na Bi Sayyida hatokukatalia mbele ya watu. Nikishakanyaga, mengine niachie mie."

"Utalala huko?"

"Ntalala."

"Na ukishalala?"

"Ntaamka," akasema Bakhita.

Nasriya alimshika mkono. Ulikuwa mgumu, na kiganjani una kovu la kamba ya kisima. "Wallahi ntakuchukua," akasema. Aliahidi kwa moyo mweupe, na hilo ndilo lililomuudhi baadaye kuliko yote. Angelikuwa anadanganya, angelijua la kujilaumu.

Ijumaa Bakhita aliamka mapema kuliko desturi. Alikwenda kisimani, nje ya lango la mji, akarudi, akaenda tena, mpaka mitungi yote ya nyumba ikajaa hadi shingoni, ili mtu asitaabike. Alipaka wanja. Alifunga kanga ya marehemu mama yake na kitana chake katika furushi dogo, akalitia kwapani, akajitwika kapu la Nasriya kichwani, akamfuata ufukweni.

Bi Sayyida alikuwa ameshatia mguu mmoja ndani ya mashua. Akageuka.

"Na huyu anakwenda wapi?"

Mahfoudh akatazama viatu vyake. Sleyum alishika kasia akingoja. Nasriya alifungua mdomo, na neno alikuwa nalo, limekaa tayari kwenye ulimi.

Kilichomjia ni maji. Aliyaona mitungini yamejaa, na akaiona Jumapili mitungi ikiwa mitupu. Aliiona njia ya kwenda langoni, foleni ya kisimani, kamba inayochoma viganja, debe kichwani likimwagikia shingoni, ngazi za kupandia darini. Akajiuliza ataambiwa nani aende. Bi Sayyida hakika hangekwenda. Hakufikiri kazi ya Mahfoudh, wala chumba wanachokalia cha watu, ingawa baadaye alipenda kujiambia kwamba hayo ndiyo aliyoyafikiri. Alifikiri maji, basi.

"Kanisindikiza tu, Shangazi," akasema. "Kanibebea kapu. Anarudi."

Bakhita aliliweka kapu ndani ya mashua, wima, akalishindilia kwa mkeka lisipinduke. Alimtazama Nasriya, si kwa muda mrefu.

"Haya, mwende salama," akasema, akarudi na furushi lake kwapani.

Kisiwani mama wa tanuri alikuwa amepika kwa kuaga. Palikuwa na dagaa wakubwa wa kuchoma, mkate wenye ufuta, asali, na machungwa mekundu ndani. Bakhit, aliyekuwa sasa anapokea wageni, alipanga viti, akabakisha kimoja.

"Bakhita hajambo?" akauliza.

"Hajambo," Nasriya akajibu.

"Nimemtilia kiti."

Nasriya alikitazama kile kiti. Kilikuwa cha majani ya kusuka, kipya. Baada ya muda akaweka mkoba wake juu yake. Kisha akala. Alitumaini chakula kitamkwama, au kitakuwa kichungu, apate adhabu yake pale pale yaishe. Lakini kilikuwa kitamu. Dagaa walikuwa watamu, asali ilinukia maua ya milimau, upepo ulikuwa mwanana, na aliomba aongezwe mkate. Akamfungia Bakhita fungu kubwa kuliko siku zote, likamvujia buibui njia nzima.

"Ahsante," akasema Bakhita mlangoni. Akayamwaga.

Jumamosi alfajiri minyororo ikalia, kisiwa kikapita chini ya ngome, kikaenda zake. Bakhita alikuwa jikoni anawasha moto. Hakutoka kwenda kutazama.

Asubuhi ile Nasriya alikunywa maji, akakuta ni ya bahari. Akadhani gilasi ina chumvi, akachukua ya mumewe. Mahfoudh alikuwa kesha kunywa nusu bila ya kuonja chumvi, na nusu iliyobaki kinywani mwa Nasriya ikawa bahari. Akajaribu ya mtungini, na ya kwenye kata, na ya birika la kutawadhia. Yote ni bahari, tena yenye joto kidogo. Bi Sayyida aliyaonja, akasema mbona matamu haya, na Mzee Marhoon akasema hutokea kwa mtu aliyesafiri. Wakaendelea na chai. Hata chai, kwa Nasriya, ilikuwa bahari yenye sukari.

Bakhita alipokuja kutoa vyombo alimuuliza taratibu, kwa Kiswahili cha jikoni, "Yana chumvi, bibi?"

Kwa Kiswahili hicho Bakhita hakuwahi kumwita bibi.

"La," akasema Nasriya. "Mazuri."

Akayanywa. Hakuugua wala hakukonda. Mahfoudh alipata kazi yake, wakaendelea kukaa kwa Bi Sayyida kwa sababu kodi ya nyumba za nje ilikuwa ghali na hapo walishazoea. Ila kiu ya Nasriya haikukatika. Alikunywa asubuhi, alikunywa baada ya chakula, alikunywa akisubiri adhana, na kabla ya adhuhuri mitungi ilikuwa mitupu. Bi Sayyida akalalamika. Halafu, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa kupanga mambo, akapanga: Bakhita aongeze safari moja ya kisimani kila siku, jua likiwa kichwani, kwa ajili ya Nasriya peke yake.

Nasriya alikuwapo ukumbini jambo hilo lilipoamuliwa. Alitaka kusema si lazima. Koo lilikuwa limemkauka.

Basi tangu siku hiyo, wakati watu wote wa Matrah wamejilaza, Bakhita alikuwa akitoka langoni na debe, akirudi nalo limejaa, akipanda ngazi zote za darini. Alilitua, akachota kwa kata, akampa kwa mikono miwili. Nasriya alikunywa mpaka tone la mwisho, akasema, "Ahsante, shoga," na kwa kuwa kiu ilikuwa bado ile ile, akaomba mengine.