Nyutroni wa Zamu

Jana baada ya chakula cha mchana, Mwajabu, mpambaji wa kumbi za harusi mjini Korogwe, alijinyoosha mkekani apumzishe mgongo. Hata feni haijashika kasi, akaota.

Aliota yuko ndani ya puto jekundu la ukumbini. Humo mlikuwa na uwanja mpana, mtupu, usio na hata jani. Katikati ya uwanja palikuwa na kibanda kidogo kama punje ya mchele, na ndani yake watu wanagombana.

Mwajabu akabisha hodi.

"Karibu," kibanda chenyewe kikajibu. "Mimi ni kiini cha atomu ya heliamu. Ndiwe nyutroni wa zamu?"

"Mimi ni Mwajabu."

"Una chaji?"

Mwajabu akatoa simu, akaitazama. "Sina. Imezima tangu asubuhi."

"Basi ndiwe. Ingia."

Akainama, akaingia, akaenea. Mle mlikuwa na protoni wawili, ndugu wanene, kila mmoja amejibana ukutani kwake na kumpa mwenzake kisogo.

"Shikamooni," akasema Mwajabu.

"Marahaba," wakaitika kwa pamoja, na kwa kuwa wameitika pamoja wakazidi kuchukiana.

Mwajabu akamgeukia mdogo. "Kaka yako amekukosea nini?"

"Ana chaji chanya."

"Na wewe je?"

"Chanya. Ndiyo maana."

Ukuta ukalia *ka!* Kiini kikaguna. "Nyutroni wangu wote wawili wamekwenda harusini kwa Kaboni. Hawa wakiachana, mimi sipo tena. Na wale dada zetu wa nje watazunguka nini?"

Dirishani walikuwa wakipita elektroni wawili. Walipita, au walikuwa wamekwisha kupita. Walitanda kila upande kama ukungu, mmoja akijizungusha kulia, mwenziwe kushoto, ndivyo ghorofa yao ya nafasi mbili inavyotaka.

"Dada!" wakaita. "Wasuluhishe, tafadhali! Hapa tuko wawili, nafasi zimejaa, na tumekwisha kupazoea!"

Mwajabu aliwahi kupanga viti vya wakwe wasiosalimiana. Siku zote aliwaweka mbalimbali. Lakini humu hamkuwa na mbali. Akamshika mkubwa mkono, akamshika na mdogo, akavuta.

"Sogea, kaka."

"Tukikaribiana ndiyo tunasukumana zaidi!"

"Sogea hivyo hivyo."

Walisukumana kweli. Mbavu zilimbana Mwajabu, jasho likamtoka, akatamani kurudi Korogwe kwa miguu. Ukuta ukalia tena. Akafumba macho, akasema bismillahi, akavuta kwa nguvu zake zote.

Mabega yakagusana.

Kusukumana kukaisha palepale. Walinata wote watatu kama tende za pakiti moja.

"Kaka," akasema mdogo, "kumbe una joto."

"Wewe si ulikaa mbali," akajibu mkubwa.

"Nguvu ya humu haifiki mbali," kiini kikaeleza kwa furaha. "Ni ya waliogusana tu. Kwa kawaida nyutroni huwa wawili, lakini mmoja mkakamavu anatosha. Tutakuwa wepesi kidogo, basi."

Nje elektroni walipiga vigelegele hadi uwanja mzima ukawa vigelegele. Oksijeni, aliyekuwa akipita njia, akachungulia kuuliza kama kuna mchumba.

"Sisi hatuoi wala hatuolewi!" wakamjibu wote, Mwajabu naye akijibu kwa sauti kubwa kuliko wote, ingawa ana mume na watoto watatu.

Kicheko chake mwenyewe kikamwamsha. Wifi yake, Hidaya, alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya vikombe.

"Wifi," akasema Hidaya, "ukimaliza huko juu, ushuke. Chai inapoa."

Mwajabu akageuka ubavu autazame mkeka, kule chini. Paka wa jirani alikuwa akipita kati yake na mkeka, hana haraka, wala hakuinamisha mkia.