Mguu wa Kaimu

"Hachomwi sindano leo," alisema Agapiti, msimamizi wa kambi ya utafiti wa mbung'o, amesimama mlangoni pa hema la dawa. "Bwana mtafiti anataka kwanza aone homa inavyokwenda."

Fatu alimtazama mumewe. Kaimu alikuwa amekaa vumbini, mdomo wazi, akisinzia huku jua likimchoma usoni. Mwaka ule matingatinga yalikuwa yakifyeka pori la Nachingwea kwa ajili ya mashamba ya karanga, na Kaimu alipewa kazi ya kukaa kando ya mto Mbwemkuru, suruali imekunjwa hadi gotini, mbung'o wamnyonye mpaka matumbo yao yawe mekundu. Aliambiwa asiwafukuze. Juu ya malale, ugonjwa wa usingizi wanaouambukiza, hakuambiwa neno.

"Dawa ipo?"

"Ipo."

Agapiti alionyesha zizi kwa kidevu. Mbuzi wagonjwa walitengwa pande mbili: hawa wanatibiwa, wale wanaangaliwa tu. Mmoja wa wale wa kuangaliwa alikuwa amelala ubavu, inzi wakimtembea machoni.

"Na mume wangu mmemtia upande upi?"

Agapiti akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokwisha kufungwa. "Jumbe alikubali, mama. Kamuulize yeye."

Fatu hakumwamkia Jumbe Mikidadi. Alimkuta barazani na wageni wake, akasimama mbele yao.

"Uliwakubalia nini wale wazungu?"

"Wafanye utafiti wao. Kwa faida ya kijiji kizima cha Kiegei."

"Kwa mguu wa nani?"

"Fatu, mwanangu, tuliza..."

"Nakuuliza, Jumbe! Ulikunja suruali yako? Ulimpeleka mwanao? Au ulimwona Kaimu hana wa kumsemea?"

Mgeni mmoja akaweka kikombe chini.

"Sikujua watamnyima dawa," alisema Jumbe, kwa sauti ndogo.

"Hukuuliza."

Fatu alirudi kambini na kaka zake wawili na kitanda cha kamba. Agapiti akaziba njia.

"Bwana hajamruhusu kuondoka."

"Mwambie Bwana akakae yeye mtoni!"

Akapisha.

Walimbeba Kaimu hadi hospitali ya misheni, wakipokezana. Sista aliwagombeza kwa kuchelewa, kisha akamwingiza mgonjwa ndani. Fatu akabaki nje.

Mara ukelele ukapasuka ndani. Kaimu, ambaye kwa siku nyingi hakuwa amesema neno, alikuwa akitukana kwa Kimwera, matusi mazito ya porini, sindano ikimwingia.

Fatu akasogea, akaweka kiganja kwenye mlango uliofungwa.

"Tukana," alisema. "Tukana, Kaimu. Watukane wote."