Mbaazi za Kalimoni

Mwalimu Kamene aliposikia semina ya walimu ingefanyika shambani Kalimoni, moyo ulimruka. Shamba lenyewe alilijua. Lilikuwa la mama yake, hadi kaka yake Kyalo alipoliuza, yeye na mama wakavuna mahindi ya mwisho na kuhamia chumba kimoja mtaani Landless, Thika. Mnunuzi alikuwa hajajenga bado. Tangu wahame, mama hakuulizia nyumba wala ng'ombe. Kazi yake ni kuulizia tu mbaazi walizoziacha shambani, kwamba zimetoa maua ama bado. Asubuhi ya semina alimshika Kamene mkono mlangoni.

"Niletee hata kidogo. Nionje tu za kwetu."

Mkufunzi, Bwana Odhiambo, aliwataka walimu wavue viatu na washike udongo, wajifunze kufundisha nje, bila chaki. Kamene alikanyaga udongo ule. Hapa ndipo alipojifunza kuhesabu, kwa punje za mbaazi, mama akiwa kando na jembe. Alitamani kuwaambia. Lakini mtu anaanzia wapi kusema kwao kumeuzwa? Akanyamaza, akachukua mtungi akaenda kuteka maji.

Jamani, kunyamaza huku! Anayelima mbaazi anajua kwamba mahindi huvunwa, zenyewe zikabaki zimesimama mpaka zamu yao ifike. Walimu wenzake, watu wa mjini Ruiru, wangejulia wapi? Wao waliona vichaka vimesahaulika. Kamene aliporudi, vyote vilikuwa vimeng'olewa na kurundikwa ukingoni, na katikati pakawa peupe, pazuri pa kuketi.

"Karibu darasani, mwalimu," mwalimu mwenzake Ngendo alimwambia akipangusa jasho, amefurahi kweli kweli. "Tumefyeka kichaka chote."

Kamene aliketi. Zamu yake ilipofika ya kueleza ardhi imemfundisha nini, alisema imemfundisha kusema mapema. Walimpigia makofi. Wenzake walipokwenda kunywa chai, alipiga magoti kwenye lile rundo akachuma maganda, mabichi kwa makavu, hadi mfuko ukajaa.

Jioni mama alimenya ganda moja, akatafuna mbaazi mbichi amefumba macho. Alitafuna polepole, kama hataki ziishe, na Kamene akashindwa kumtazama.

"Ni zenyewe," mama alisema. "Na hizo zingine, umeziwacha zimesimama?"

Kamene alichukua sufuria, akageukia jiko.

"Zimesimama, mama."