Barua Chini ya Sahani

Kwenye kiwanda chetu cha mbao huwashi msumeno kabla mwenzako wa upande wa pili hajaitika. Unauliza, "Tayari?" Unangoja. Akisema "Tayari!" ndipo unabonyeza. Siku ile mwenzangu hakungoja, na vidole vyangu vitatu vikabaki kwenye vumbi la mbao.

Nikamweka wakili anidaie fidia, na kwa mazoea yaleyale nikauliza, nikangoja. Miezi saba. Kila nikipiga simu, karani wake alisema, "Faili linashughulikiwa, baba." Nilimwomba Mungu anipe subira. Alinipa nyingi mno.

Jumatatu nilikwenda mwenyewe.

"Wakili yuko mahakamani," alisema karani, bila kunitazama.

Nyuma ya mlango mtu akacheua.

"Mahakama hiyo inanuka samaki, dada."

Akauma mdomo asicheke. Nikasukuma mlango.

Wakili alikuwa amemaliza kula. Mafuta yalimng'aa hadi kidevuni. Alikuwa akichokonoa meno kwa kona ya bahasha; akaitazama ile kona, akairudisha mdomoni.

"Mzee, sheria ina wenyewe. Ukihitajika utaambiwa."

Chini ya sahani yake palikuwa na karatasi, na ukingoni nikaona jina langu. Mwaka juzi, kabla sijajifunza kusoma, ningeona nyayo za kuku tu. Niliivuta, nikaisoma polepole, nikifuatisha kwa kidole cha mkono mzima. Bodi ya madaktari ilinitaka nifike kupimwa Jumatatu hiyohiyo, saa nane mchana. Nisipofika, dai langu litafungwa.

"Hii imekuja lini?"

"Barua ni nyingi hapa. Mvumilivu hula mbivu, mzee."

"Mbivu umeshakula wewe. Nipe faili langu."

Akacheka, punje ya wali ikamruka mdomoni ikatua kwenye jina langu. "Umejua kusoma jana, leo umekuwa hakimu?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu. Karani alikuwa amesimama mlangoni. Alifungua kabati, akatoa faili, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Kimbia, baba."

Nilikimbia nikinuka samaki. Sala yangu njiani haikuwa nzuri: niliomba mwiba umkwame yule mtu kooni, nikatubu, kisha nikaomba tena.

Nilifika jasho likinitiririka. Mlango wa bodi ulikuwa wazi, na muuguzi alikuwa akiita jina langu mara ya pili. Akanyamaza, akangoja.

"Tayari!" niliitika, kwa sauti ya kiwandani, mpaka ukumbi mzima ukageuka.